Mwaka wa Kula Bila Chumvi

Kwenye ibada ya kumuaga Madam Agripina niliombwa niseme neno fupi, na kwenye programu wakaniandika "rafiki wa marehemu". Sikuwa rafiki yake. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele la kanisa pale Makadara, mkoba mapajani, nikasoma hayo maneno kwa miwani, nikavua miwani nikayasoma tena, na yakabaki vile vile. Mjukuu wangu Shiru, aliyenishika mkono kana kwamba mimi ndiye ninayezikwa, aliuona uso wangu akaniinamia sikioni. "Shosho, tafadhali. Usianze." Nikamwambia sianzi. Jambo hili lilianza kabla mama yake hajazaliwa, na mimi nilikuja pale kulimaliza.

Shiru anasomea mambo ya lishe. Mwaka huu yuko kwenye mafunzo hospitalini, na kila baada ya muda wanamhamisha: leo wodi ya watoto, kesho kliniki ya sukari, halafu jikoni, halafu wodi ya wazee. Akirudi kwangu mtaa wa Jericho jioni anaacha viatu mlangoni, anakalia stuli yangu ya kumenyea viazi, kisha anaanza kuwalalamikia wakubwa wake. Mimi namsikiliza nikichambua mboga ya sukuma wiki. Anapofika pale pa kusema, "Shosho, wewe huwezi jua vile hii kitu inachosha," ndipo naweka kisu chini. Naweza kujua. Nami nilizungushwa hivyo hivyo, nikiwa na elimu ya darasa la saba na aproni ya kuazimwa. Habari za wazazi wangu na za kule tulikotoka siziandiki hapa, kwa sababu hazikunisaidia na hazikunizuia. Ninaandika mwaka mmoja tu.

Mwaka huo hospitali moja ya hapa mjini, ambayo siitaji kwa kuwa majengo hayana kosa, ilichukua wasichana wa kufunzwa kazi ya chakula cha wagonjwa. Tuliambiwa kwamba atakayemaliza mwaka atapewa cheti na kazi ya kudumu wodini. Wodini ndiko kila mtu alikotaka kufika, maana huko unavaa nguo nyeupe na unaitwa nesi na watu wasiojua. Lakini kwanza unapita chini. Tulianza stoo, tukibeba magunia na kuokota mawe kwenye maharagwe mpaka macho yakalia. Tukaenda jiko kubwa, penye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea, na mvuke uliokuwa ukishuka ukutani kama mvua. Tukakaa chumba cha maziwa ya watoto, chumba kidogo cheupe ambamo hukuruhusiwa hata kupiga chafya. Mwisho tukafika jiko la daieti, la chakula maalumu cha wagonjwa, lililokuwa nyuma, karibu na chumba cha dobi, na hapo ndipo tulipomkuta Madam Agripina.

Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye kutembea bila kutoa sauti. Hakuwa anapiga kelele. Aliongea polepole, na kila neno lake lilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia. Siku ya kwanza alitupanga mbele ya jiko, akafungua kabati, akatoa kopo la chumvi, akalifungia kwenye droo yake, na ufunguo akauweka kifuani. "Humu ndani mnapikia watu wenye moyo mchovu na miguu iliyovimba," alisema. "Hawali chumvi. Kwa hivyo na nyinyi hamli chumvi. Mpaka siku mtakayotoka kwangu, mtakula kutoka kwenye sufuria ya wagonjwa, chakula kile kile. Asiyeweza aseme sasa arudi stoo." Auma, msichana mwenzangu ambaye tulipanga naye chumba kimoja hapa Jericho, aliinua mkono. "Madam, na huko nyumbani?" Madam akamtazama. "Nyumbani nitajua kwa uso wako."

Hiyo haikuwa sheria ya hospitali. Kwa sheria ya hospitali sisi tulitakiwa kula kantini pamoja na wafanyakazi wengine, na chakula cha daieti kilikuwa cha mgonjwa, kipimo kwa kipimo. Lakini Madam alikuwa akiongeza viazi vichache na kikombe cha maharagwe kwenye sufuria, kwa ajili yetu, na ofisi haikujua. Sisi wasichana hatukuwaza kama ofisi inajua au haijui. Tuliwaza chumvi. Siku za mwanzo nilihisi ninatafuna gazeti lililoloweshwa. Kabeji ilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea kabeji. Usiku niliota mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu, pilipili na chumvi, nikaamka nikilamba midomo. Auma alilia siku moja mezani, akafuta shavu, akaonja kidole, akasema, "Wambui, machozi yangu yana ladha kuliko hii supu." Tulicheka mpaka Madam akachungulia mlangoni, na Auma akainamia sahani yake haraka kama mtu anayesali.

Kisha ulimi ukageuka. Hakuna aliyenitangulizia habari hiyo. Asubuhi moja nilitia karoti mdomoni nikashtuka, nikadhani kuna mtu ameitia sukari. Kitunguu kilichokaangwa taratibu kikawa na maneno yake. Dania, ndimu, tangawizi, kila kimoja kikaja mbele na kujitambulisha. Nikaanza kupika kwa ulimi huo mpya, na Madam Agripina alipoonja maharagwe yangu alirudia kijiko cha pili. Kwa mwanamke yule, kijiko cha pili kilikuwa ni sifa, na nilitembea kutoka hospitali hadi nyumbani siku hiyo bila kuhisi barabara. Leo nikikumbuka najiuliza kwa nini sikukaa na hasira naye tangu mwanzo. Ni kwa sababu alinifundisha. Mtu anaweza kukufundisha vizuri sana na bado akakuacha njiani, na yote mawili ni kweli, na mimi sikubali kuambiwa nichague moja.

Zamu ya wodi ilipofika nilipelekwa wodi ya wanaume. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Mzee Shikuku, mstaafu wa reli aliyekuwa akikaa Makongeni, mwenye miguu iliyovimba mpaka ikang'aa, na sauti ya kuita treni. Alikuwa ameacha kula. Sahani ilirudi jikoni kila siku kama ilivyotoka. Mara ya kwanza nilipomwekea chakula aliisogeza sahani kwa kidole kimoja.

"Wewe msichana. Hiki ni chakula au ni hukumu?"

"Ni chakula, mzee."

"Umekionja?"

"Ndicho ninachokula kila siku."

"Uongo. Nyinyi huko nyuma mnakula nyama na chumvi juu yake, halafu mnaniletea mimi hii mboga ya marehemu."

Nilimwambia mimi sisemi uongo. Akageukia dirisha. Wauguzi walikuwa wamembembeleza, daktari alikuwa amemkaripia, binti yake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda akiomba, na yule mzee alikuwa amekaza taya tu. Niliona kwamba tatizo halikuwa chumvi pekee. Alikuwa anadhani anadharauliwa. Anadhani kuna watu wa kula na watu wa kulishwa, naye amewekwa upande wa pili. Kesho yake nilipomaliza kugawa chakula nilipakua sahani yangu kutoka toroli ile ile, viazi vile vile, maharagwe yale yale, nikavuta kiti, nikaketi karibu na magoti yake nikaanza kula. Nilitafuna. Alinitazama kama anayesubiri nicheke. Nilipofika nusu ya sahani akanyoosha mkono akachukua kiazi kutoka kwangu, si kwake, akakiuma, akakaa nacho mdomoni. "Ni kweli," akasema. "Ni kibaya na kwako pia." Kisha akavuta sahani yake.

Tulikula hivyo siku kadhaa, na alikuwa ameanza kunisimulia habari za mainjini ya moshi, matroni, mkuu wa wauguzi, alipopita. Matroni wa zamani si kama wakubwa wa siku hizi wanaotuma ujumbe kwa simu. Yule akiingia wodini hata wagonjwa walioko usingizini walinyoosha miguu. Alisimama mwisho wa kitanda akaniona nimekaa, kijiko mdomoni, sahani ya hospitali mkononi. Aliniuliza ninafanya nini. Nikasema ninakula na mzee. Akamgeukia mgonjwa.

"Mzee Shikuku, huyu anakula chakula chako?"

Na Mzee Shikuku, Mungu amlaze pema, akajibu kwa ile sauti ya reli iliyosikika mpaka wodi ya pili, "Anakula. Tena anakula vizuri sana."

Asubuhi iliyofuata niliitwa ofisini. Nakumbuka harufu ya nta ya sakafu na saa ya ukutani iliyokuwa ikigonga kama inayotafuna. Walikuwepo matroni, bwana mmoja wa utawala aliyevaa tai nyembamba, na Madam Agripina amesimama dirishani, mikono ndani ya mifuko ya aproni. Nilipomwona nilipumua. Nikajua mambo yataisha sasa hivi, maana atasema ni amri yake. Bwana wa tai akasema kwamba chakula cha wagonjwa kimekuwa kikipungua, kwamba si mara ya kwanza watu wa jikoni kushiba kwa jasho la wagonjwa, na kwamba leo mmoja amekamatwa na kijiko mdomoni. Nikasema huo ndio utaratibu wa jiko la daieti, tunakula tunachopika. Akamtazama Madam. "Wanafunzi wako hula wapi?"

Sekunde hiyo nimeitazama maisha yangu yote. Alikuwa na midomo iliyokauka. Alitazama nje, kwenye kamba za dobi, mashuka yakipepea, akasema, "Kantini."

Neno moja. Matroni akaniambia, kwa upole wa kweli, maana hakuwa mwanamke mbaya, kwamba mimi bado ni mtoto na njaa ni kitu kibaya. Nikisimama mbele ya wapishi wote asubuhi, nikaomba msamaha kwa kuiba chakula cha mgonjwa, nitaendelea na mafunzo, nitamaliza mwaka wangu, nitapata cheti. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu cha mwaka. Madam Agripina aliongea tena, bila kunitazama. "Omba msamaha, Wambui. Umalize."

"Nikisema niliiba," nikawaambia, "nitakuwa nimeiba."

"Ni maneno tu," akasema yule bwana.

"Basi yaseme wewe."

Nilivua aproni nikaikunja vizuri, kona kwa kona, nikaiweka mezani kwake juu ya makaratasi yake. Hakuna aliyenisukuma. Nilitoka kwa mlango wa mbele, ule wa madaktari, kwa sababu nilikuwa sina tena wa kunikataza. Auma aliporudi chumbani jioni hiyo hakuweza kuniangalia. Naye alikuwa amekula kwenye sufuria ile ile siku zote, hakuulizwa, na hakusema. Alipika uji, akaniwekea kikombe. Nikanywa, maana uji haukuwa na kosa.

Watu walidhani hapo ndipo mwisho. Kesho yake mchana, saa ya kuona wagonjwa, nilisimama kwenye foleni ya getini pamoja na kina mama waliobeba vikapu. Nilikuwa na kibati changu cha chakula. Askari wa geti alinitambua.

"Wewe si ulifukuzwa?"

"Nilitoka jikoni. Sijafukuzwa kuona mgonjwa."

"Umebeba nini? Chakula cha nje hakiruhusiwi kupewa mgonjwa."

"Sitampa. Ni changu, nitakula mwenyewe."

Akafunua kibati, akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja, akakunja uso. Alinifunikia kwa heshima kabisa. "Pole sana dada yangu," akasema, "pita."

Nilivuta kiti kile kile. Auma ndiye aliyekuwa akisukuma toroli. Aliniona, akainamisha macho kwenye magurudumu, akaweka sahani ya mzee, akaenda. Mzee Shikuku alikula yake, mimi nikala yangu. Siku ya pili matroni akaja akasimama mahali pake pa siku zote, mwisho wa kitanda.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kumwona mzee."

"Ni jamaa yako?"

"Ni mjukuu wangu," akasema Mzee Shikuku, mdomo umejaa.

"Mzee, wewe ni Mluhya. Huyu anaitwa Wambui, si jina la kwenu."

"Nimefanya kazi reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu," akasema. "Nina wajukuu wengi."

Wodi nzima ikacheka, hata yule wa kitanda cha mlangoni ambaye hakuwa na nguvu ya kucheka. Matroni aliondoka. Nilirudi kila siku mpaka miguu ya mzee ikapungua na yeye akavaa viatu vyake mwenyewe akaenda nyumbani Makongeni. Siku ya vyeti nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda kukaa kwenye ukumbi, mstari wa mbele. Hawakuniita. Nilijua hawataniita. Nilitaka tu wanione sioni haya.

Cheti sikupata, na jina la mwizi wa chakula lilitembea mbele yangu. Kila jiko nililoenda kuomba kazi, hospitali au shule, jina hilo lilikuwa limeshafika. Nikafungua kibanda changu cha chakula sokoni hapa Jericho, nikalisha mafundi na makarani, nikasomesha watoto kwa githeri, mahindi na maharagwe. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Sijuti, na kama ningewekwa leo kwenye ofisi ile ningeikunja ile aproni vile vile. Lakini jina langu nililitaka. Madam Agripina alihamia Makadara alipostaafu, na kwa miaka mingi tulipishana sokoni. Yeye alinunua nyanya upande ule, mimi upande huu. Hakunisalimia na mimi sikumsaidia kunisalimia.

Hadi mwaka jana binti yake Tabitha aliposimama mbele ya mlango wangu. Mama yake ana ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, daktari amekataza chumvi, na yeye amekataa kula kabisa. "Anasema kuna msichana Jericho anaitwa Wambui. Nimeuliza sokoni, wakanionyesha wewe." Msichana. Nina wajukuu na goti bovu. Tabitha hakujua chochote, niliona kwa macho yake. Nilinunua dania na ndimu nikaenda.

Alikuwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, amekuwa mdogo kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nilipika jikoni kwake, nikapakua sahani mbili, nikaketi karibu na magoti yake, nikaanza kula. Aliinusa sahani yake.

"Tia chumvi kidogo, Wambui. Nani ataona?"

"Nitajua kwa uso wako, Madam."

Akacheka, kicheko cha kikohozi, akashika kijiko. Nilikwenda siku nyingi. Sikwenda kwa kusamehe. Nilikwenda kwa sababu kazi niliyofundishwa ilikuwa kazi nzuri na nilitaka aione inafanywa. Siku moja, Tabitha akiwa jikoni anaosha vyombo, akaweka kijiko chini.

"Siku ile nilinyamaza."

"Hukunyamaza. Ulisema kantini."

Alifumba macho. "Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi. Ningefukuzwa, watoto wangelala wapi?"

"Najua. Ningekuwa wewe labda nami ningeogopa. Lakini sasa hakuna wa kukufukuza. Waambie."

"Niwaambie nani? Wote wamekufa."

"Tabitha hajafa."

Alitazama mlango wa jikoni, maji yakimwagika huko, masufuria yakigongana. Akafungua mdomo, na niliona neno limefika pale kwenye meno. Kisha akasema, "Kesho." Nikamsogezea sahani nikamwambia ale. Kesho yake nilikwenda, akasema kesho. Wiki iliyofuata alipelekwa hospitali, na huko akafa.

Ndiyo maana nilipoitwa mbele pale kanisani nilimwachia Shiru mkoba wangu. Pasta akanipa maikrofoni, akaninong'onezea nisirefushe. Nilitazama picha ya Madam juu ya jeneza, picha ya ujana, na kitambaa cheupe kichwani.

"Mimi siyo rafiki wa marehemu," nilisema. "Nilikuwa mwanafunzi wake. Kila ninachojua juu ya kumlisha mgonjwa alinifundisha yeye, na hakuna aliyewahi kufundisha vizuri zaidi. Alituamuru tule kutoka kwenye sufuria ya wagonjwa, na ilikuwa amri nzuri. Siku alipoulizwa, alisema tunakula kantini. Nikaondoka naitwa mwizi. Alitaka kulisema hili mwenyewe, nilimwona akitaka, akachelewa. Kwa hivyo nalisema mimi, yeye akiwa hapa. Sikuiba."

Pasta alinyoosha mkono kuchukua maikrofoni. Sikumpa. Tabitha ameshika leso mdomoni, Shiru amefunika uso. Ndipo nyuma kabisa, karibu na mlango, kiti kikaburuzwa. Mwanamke mzee mnene alikuwa anasimama kwa shida, ameegemea fimbo, na sikumtambua mpaka alipofungua mdomo. Ndiye aliyepata cheti, akafanya kazi kwenye majiko ya hospitali mpaka akastaafu. Sikuwa nimemwona miaka na miaka.

"Na mimi nilikula," akasema Auma. "Kwenye hiyo hiyo sufuria. Kila siku. Hakuiba huyu."

Nikamrudishia pasta maikrofoni yake. Nilipita mbele ya Tabitha, aliyenishika kiganja akakiachia, nikaenda polepole na goti langu mpaka nyuma, Auma bado amesimama, ananitazama kama anayesubiri kupigwa.

"Umechelewa," nilimwambia. "Sogea nikae."